Nesi wa Sisimizi

Mara ya kwanza kumwona alikuwa amechuchumaa chooni mwetu, ameikusanya sketi yake nyeupe isilowe, anatazama sisimizi. Hakuwa ameangusha kitu. Aliwatazama sisimizi wenyewe, walivyojipanga mstari mmoja kutoka kwenye ufa wa ukuta mpaka penye tundu, na alipoinua uso akaniuliza mimi, mke wa nyumba, ambaye hata karibu sijamwambia:

"Nani anakojoa hapa?"

Nilishika ukuta. Katika mji wetu wa Amu, mwanamke mgeni haingii nyumba ya watu akapitiliza chooni. Hukaribishwa, huketi, huulizwa habari za kwao, hupewa kahawa, kisha huulizwa tena habari zilezile. Huyu wa bara alimfuata mwanangu kutoka shuleni, akaingia naye mlangoni kama kivuli chake, akamwambia, "Nionyeshe choo," na mtoto akamwonyesha.

"Kaingia kwa ndia gani huyu?" mavyaa wangu, mamake mume wangu, Bi Mwana Esha, akauliza kutoka ukumbini. "Kwani nti yao haina milango?"

Yule mwanamke akatoka, akanawa mikono, akasimama mbele ya mavyaa. Alisema alikuwa shuleni akichanja watoto, akamwona Zainabu akinywa maji vikombe sita mfululizo na bado anautazama mtungi. Alisema mtoto amekonda mno kwa mtoto anayekula. Aliuliza kama ameanza tena kukojoa kitandani. Zainabu alikuwa na miaka minane. Nilitazama chini, kwa kuwa kweli alikuwa ameanza, na mimi nilikuwa nikiyaanika magodoro juu ya dari watu wasione.

"Ana ugonjwa wa sukari," akasema. "Bila dawa hamalizi miezi mitatu."

Hivyo tu, kama mtu anayesema kesho kutanyesha. Mavyaa akasema mtoto huyu hata halwa hapewi ila sikukuu. Naye akajibu, "Si sukari anayokula, mama. Ni sukari inayoshindwa kuingia mwilini. Inampita kama maji ya mfereji, inatoka kwenye mkojo. Sisimizi wamejua kabla yenu."

Huyo ndiye Nesi. Jina lake nalijua, lake na la babaye. Mimi jina la mtu halinipotei. Ukitaka nitakutajia wote niliosoma nao chuoni kwa Maalim, na punda wa kila nyumba ya mtaa wetu. Lakini la huyu sitalitaja kwa sababu aliniomba mwenyewe, na hakuwahi kuniomba mengi. Mji mzima ulimwita Nesi, kana kwamba hospitali yetu haikuwa na mwingine.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na viatu vyake vya ngozi vilisikika kichochoro kizima kabla hajafika, hata wanawake walipata muda wa kuficha walichotaka kuficha. Hakuolewa. Alikuwa Mkristo, hakukosa kanisani, na aliwaheshimu wasomi wetu kuliko wengi wetu. Lakini alikuwa na jambo moja lililotuaibisha sisi badala yake: alikula kwa saa. Ikifika saa yake, popote alipo, hufungua mkoba akatoa kiazi kitamu cha kuchemsha, akala amesimama njiani, wanaume wakipita. Bi Rukia, jirani yetu wa mlango wa pili, alimwambia siku moja, "Nesi, hata mbuzi hutafuta kivuli akala." Nesi akamjibu, "Mbuzi hana saa, Bi Rukia," akamaliza kiazi chake.

Na hakujua kudanganya. Sisemi hakupenda, nasema hakujua, kama mtu asiyejua kuogelea. Bwana Kassimu wa duka la nguo, mtu mzito, mwenye kidonda cha mguu kisichopona, alimwonyesha kidonda chake akitaka kuambiwa kinaendelea vizuri. Nesi akakitazama, akanusa, akasema, "Bwana Kassimu, ukiendelea na halwa, mguu huu utatangulia kaburini wewe ufuate."

"Astaghfirullahi! Mwanamke, hujui kumpoza mtu?"

"Kupoza ni kazi ya mtungi."

Bi Rukia alipojifungua akamwuliza, "Nesi, si mzuri mwanangu?" Nesi akamgeuzageuza yule mtoto kwenye mwanga, akasema, "Ana afya. Uzuri labda utakuja." Bi Rukia hakumsemesha mwezi mzima. Wengi walimchukia hivyo. Mavyaa wangu, ambaye nilidhani angemchukia kuliko wote, ndiye aliyempenda. "Mwanamke yule hana adabu," alisema, "lakini hana uongo. Wenye adabu ninao tele."

Niseme juu ya chupa zake, maana hapo ndipo mji ulipotaharuki. Nesi alikuwa na kazi yake mwenyewe, nje ya ile aliyoajiriwa. Aliiita utafiti. Alitaka kujua kwa nini ugonjwa huu wa sukari aliukuta zaidi katika nyumba kubwa za mawe kuliko kwa wakulima na wavuvi. Je, ni halwa? Ni kuketi? Ni sisi kuoana binamu kwa binamu? Hakujua, na alisema hajui, ila alitaka kutazama. Kwa hiyo alizunguka nyumba hadi nyumba na kikapu cha chupa ndogo, akiomba mikojo.

Mikojo, jamani. Mwanamke mgeni, wa dini nyingine, anakusanya mikojo ya watu akaenda nayo. Nani asiyejua mkojo wa mtu hufanyiwa nini na mwenye nia mbaya? Wengine walifunga milango. Wengine walimtilia chai iliyopoa. Bi Rukia alimletea chupa imejaa, anatabasamu hadi masikioni. Nesi akaifungua, akainusa, akaniita mimi: "Mama Zainabu, mwambie jirani yako punda wake hana sukari."

Mimi niliona alivyofanya, kwa hiyo sikuogopa tena. Alikuwa na maji ya samawati, mazuri kama rangi ya fremu ya dirisha. Huyatia kidogo kwenye kijichupa kirefu cha kioo, akadondoshea matone manane ya mkojo, akaweka juu ya taa ya spiriti yakachemka. Mkojo wa mzima, maji hubaki samawati. Mwenye sukari kidogo, huwa kijani. Akizidi, njano. Siku alipochemsha wa Zainabu, yale maji yaligeuka mbele ya macho yangu, kijani, njano, kisha yakawa mekundu kama tofali. Nilipiga ukelele. Ilikuwa kama kuona damu ya mwanangu ikitoka ndani ya maji safi.

Alikwenda mpaka kisiwa cha Pate kuchukua mikojo ya wakulima wa tumbaku. Bwana Athumani, mwenye chombo, alikataa kulipakia kapu. "Mikojo ya watu sipakii."

"Jana ulipakia papa aliyeoza."

"Papa hana jamaa Pate!"

Akaketi na kapu mapajani njia nzima, kwenda na kurudi. Yote aliyoyapata aliyaandika kwenye madaftari ya shule, akampelekea daktari mmoja mkubwa huko Nairobi. Hakujibiwa. Akaandika tena. Nilimwuliza kwa nini haachi. Akasema, "Sisimizi hawajibiwi na mtu, lakini hawakosei."

Sasa nirudi kwa Zainabu wangu, kwa kuwa yote niliyoyajua ya Nesi niliyajua kwa sababu yake.

Dawa yenyewe huitwa insulini, na hainyweki. Lazima ichomwe, asubuhi na jioni, kila siku, mpaka kufa. Nesi alitueleza kwamba nyuma ya tumbo kuna nyama ndogo iitwayo kongosho, na kwamba ya mtoto huyu imelala na haitaamka. Basi tutampa kwa sindano kile ambacho kongosho lake limeacha kumpa. Mume wangu, Bwana Shee, fundi wa kuchonga milango, mtu ambaye patasi ilimkata mpaka mfupa bila kusema aah, alipoiona sindano ikiingia pajani mwa binti yake alianguka chali. Mavyaa alikuwa na mtoto wa jicho, hakuona vizuri. Nikabaki mimi.

Nami nimesoma chuo cha Kurani tu. Namba za kizungu zilizoandikwa kwenye bomba la sindano sikuzijua. Nesi hakunicheka. Alichomoa uzi mwekundu kwenye kanga yangu, akaufunga kuzunguka lile bomba la kioo, akaukaza. "Dawa ifike kwenye uzi. Isipite, isipungue." Akanipa papai bichi nijifunzie. Nililichoma papai lile siku tatu mpaka likavuja utomvu kila upande. Chupa ya dawa alitufundisha kuiweka ndani ya mtungi mdogo uliofukiwa kwenye mchanga uliolowa, pembeni mwa birika la kuogea, mahali pa baridi kuliko pote nyumbani. Ya akiba ilikaa kwenye friji ya mafuta ya taa ya hospitali.

Zainabu alinenepa. Magodoro yakakauka. Nikajiona najua.

Ndipo ikaja Ramadhani, nami nikamuua mwanangu. Namshukuru Mungu kwamba hakukaa amekufa.

Zainabu alitaka kufunga. Wenzake wote wa umri wake walikuwa wakijaribu, nusu siku, siku moja, na bibi yake alikuwa amemwahidi herini za dhahabu kwa saumu yake ya kwanza. Nesi alikuwa ametukataza kumpa vitu vitamu, akatueleza jinsi chakula kinavyopandisha sukari. Nami nikakaa nikapiga hesabu yangu: kama chakula ndicho kinacholeta sukari, basi siku nzima bila chakula si ndiyo dawa kuu kuliko zote? Nikamchoma wakati wa daku, dawa ikafika kwenye uzi kamili, akala kidogo akalala. Asubuhi sikumwambia Nesi. Nilitaka jioni nimwonyeshe maji ya samawati nijisifu.

Kabla ya adhuhuri mtoto alianza kutoa jasho. Akacheka peke yake. Akamtukana bibi yake kwa maneno ambayo sijui aliyasikia wapi, kisha akaanguka, macho yamegeuka, mikono inarukaruka. Bi Rukia akapiga kelele kwamba ni pepo. Ubani ukawashwa, Maalim akaitwa kusoma, chumba kikajaa moshi na wanawake. Bwana Shee alikimbia hospitali bila viatu.

Tulisikia viatu vya ngozi vikija mbio. Nesi akapenya kati ya wanawake, akaushika uso wa mtoto, akauliza neno moja: "Amekula?"

"Amefunga," nikasema.

"Na umemchoma?"

"Nimemchoma."

Hakunitazama. Alitia mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake mna vipande vya sukari guru. Yeye! Mwanamke aliyetupokonya halwa, aliyemkemea Bwana Kassimu, anatembea na sukari mfukoni. Akaisaga kwa vidole na mate yake mwenyewe, akampaka mtoto ndani ya mashavu, kwenye ufizi, huku na huku.

"Anamlisha!" Bi Rukia akalia. "Ramadhani, mchana kweupe! Na sukari! Atamuua!"

"Bi Rukia," akasema Nesi bila kugeuka, "leta maji ya sukari, au ondoka kwenye mwanga."

Mavyaa ndiye aliyesema, "Lete, Rukia." Mtoto akameza tone, akameza tone jingine. Macho yakarudi mahali pake. Jambo la kwanza alilosema, naapa, alisema: "Bibi, saumu yangu imefunguka?"

Mavyaa akaweka ushungi usoni, akalia.

Baadaye, walipoondoka watu, nilimwuliza Nesi kwa nini anatembea na sukari. Aliinua gauni lake mbele yangu na mavyaa, akatuonyesha paja. Lilikuwa na mashimo. Mashimo madogo yaliyobonyea, kana kwamba mtu amemega nyama kwa kidole gumba, yale yale yaliyokuwa yameanza kwenye mikono na mapaja ya Zainabu pale sindano ilipoingia mara kwa mara.

"Mimi ni Zainabu mkubwa," akasema. "Tangu nikiwa msichana. Dawa hushusha sukari, Mama Zainabu, haiulizi kama umekula. Usipokula inashusha hivyo hivyo, mpaka chini. Nilipaswa kukuambia. Nilisahau kwamba kuna watu wasiokula kwa makusudi."

Ile saa yake, vile viazi vyake njiani. Tuliona haya kwa kila tulilolisema.

Lakini mimi sikupona siku ile. Mkono wangu ulikataa. Kila nikishika sindano ulitetemeka mpaka dawa ikamwagika, kwa kuwa nilikuwa nimeona kwamba ule uzi mwekundu unaweza kuua. Nesi akawa anakuja mwenyewe, asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, na kila siku ananipa papai nijaribu, na kila siku nalipasua. Ndipo ikafika barua yake ya uhamisho. Alikuwa apelekwe mbali, bara, na pale hospitali hakubaki mtu wa kuja kwetu mara mbili kwa siku.

"Mkono wako ukikataa," aliniambia, "mimi sina mkono mwingine wa kumpa huyu mtoto."

Nikajilazimisha. Kwanza jioni tu. Kisha asubuhi pia. Mkono ukaanza kutulia, ukawa wangu tena.

Na hapo hapo, katika siku zile zile, ikatoka habari barazani. Karani mmoja aliyekuja likizo kutoka Mombasa, kijana wa mtaa mwingine, aliwaambia watu kwamba ile sindano ya sukari hutengenezwa kwa nguruwe. Kongosho la nguruwe. Bwana Shee alirudi nyumbani uso umemkauka. Akalisema mbele ya mamake, nami nimesimama na bomba mkononi, dawa imefika kwenye uzi, mtoto ameketi mbele yangu amekunja mkono wa gauni. Niliiweka ile sindano kwenye sahani. Mkono ulikuwa umeshaanza.

"Mwiteni Nesi," akasema mavyaa.

Alikuja, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka. Mavyaa hakumpa kahawa.

"Nesi, wewe hujui uongo."

"Najitahidi, Bi Mwana Esha."

"Dawa hii ya mwanangu yatoka kwa mnyama gani?"

Nesi alinitazama mimi. Alitazama mkono wangu. Kisha akatazama mkeka, akasema, "Ng'ombe."

Mavyaa akauliza, "Kachinjwa na nani?"

"Hilo silijui. Aliyemchinja simjui."

"Aa," akasema mavyaa. Alimtazama Nesi kwa yale macho yake yaliyoingia ukungu, muda mrefu, mpaka nikadhani atamfukuza. "Ng'ombe ni ng'ombe. Zuhura, mchome mwana."

Nikamchoma. Mkono ukatulia kama jiwe. Tangu siku ile haukunisumbua tena, miaka na miaka, kila asubuhi, kila jioni. Mwezi uliofuata Nesi aliondoka. Aliniachia mabomba mawili ya akiba, yote yana uzi mwekundu.

Nilimwona mara moja tu tena. Mavyaa alikuwa amekwisha kufariki. Zainabu alikuwa na miaka kumi na mitatu, anasoma Kiingereza kama anakula karanga, nami nilimpeleka Mombasa hospitali kubwa akapimwe macho, kwa sababu ugonjwa huu hula macho. Tuliketi kwenye benchi refu tukisubiri kuitwa. Pembeni aliketi mwanamke mmoja mwenye miwani myeusi na fimbo. Mguu wake mmoja ulikuwa umekatwa, umefungwa kitambaa chini ya goti. Nilimwambia Zainabu asogee nipate nafasi. Yule mwanamke akageuza kichwa.

"Huyo ni mtu wa Amu," akasema.

Nikaijua sauti. Ilikuwa ya Nesi. Alinyoosha mkono hewani, Zainabu akampa wake, naye akaupapasa, akapandisha vidole mpaka juu ya kiwiko, akayapata yale mashimo. Akayahesabu kwa kidole kimoja kimoja.

"Zainabu," akasema. "Umekuwa mrefu."

Tulipomaliza tulikwenda naye kwenye chumba chake, mtaa wa Majengo, alikokaa na mpwa wake aliyefanya kazi kiwandani. Akatutaka tumwambie habari za Amu, nikamwambia: Bwana Kassimu amekatwa mguu na bado ananunua halwa, Bi Rukia ana mtoto wa nne, na huyu ni mzuri. Alicheka. Alisema amesikia kwamba huko Ulaya wanatafuta njia ya kutengeneza insulini bila mnyama yeyote, na anaomba aishi aisikie. Kisha akaivua miwani, na macho yake yalikuwa meupe.

"Mama Zainabu, mimi nilikudanganya mara moja."

Akageuza uso kuelekea nilikoketi.

"Haikuwa ng'ombe. Ile chupa ilikuwa ya nguruwe, na nilikuwa naijua nilipoingia mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli, na kusema kwamba wasomi wenu wenyewe wanaweza kuwaeleza. Lakini niliuona mkono wako. Nilikuwa na wiki tatu za kukaa Amu. Mkono ule ukianguka mara ya pili, nani angemchoma? Nikasema ng'ombe. Tangu siku hiyo, kila nikimwambia mgonjwa ukweli wake, najisikia mwizi."

Sijui nieleze vipi. Asubuhi na jioni, miaka mitano, kwa mkono wangu huu, nikisoma Bismillahi kila mara. Niliinuka nikaenda dirishani, nikarudi, nikaketi. Sikuweza kumtazama Nesi, nikamtazama mwanangu, nikitegemea kumwona analia.

Zainabu alikuwa anatazama vidole vyake.

"Mama," akasema polepole, "mimi najua. Kila boksi lina karatasi ndani. Mara nyingine huandikwa ng'ombe, mara nyingine nguruwe. Nilisoma tangu nilipokuwa darasa la nne."

"Na ukanyamaza?"

"Nilimwuliza bibi. Akasema yeye alijua siku ile ile, kwa vile Nesi alivyotazama mkeka. Akaenda kwa sharifu mmoja, msomi wa dini, jioni yake. Sharifu akamwambia penye roho ya mtoto hakuna haramu, nichomwe, naye asiulize tena. Bibi akaniapisha nisikuambie. Alisema, mamako ndiye mwenye mkono. Mkono ule usishtuliwe."

Mavyaa wangu! Yule aliyeuliza nani kachinja, akiwa ameshajua hakuna aliyechinja. Alikuwa kaburini, na sikuweza kumwuliza neno. Mimi niliyejisifu kwamba nakumbuka kila jina na kila neno lililosemwa nyumba ile, ndimi peke yangu niliyekuwa sijui kilichokuwa mkononi mwangu.

Nesi hakusema pole. Aligusa saa yake ya mkono, ile isiyo na kioo ili aisome kwa kidole. "Saa yangu ya kula imefika, na mpwa wangu amechelewa," akasema. "Yeye ndiye hunichoma. Mama Zainabu, unaweza?"

Chupa ilikuwa ndani ya mtungi mdogo uliofukiwa kwenye ndoo ya mchanga uliolowa, kama alivyotufundisha. Nikalichukua bomba lake. Lilikuwa na uzi, umefungwa vile vile, mwekundu.

"Zainabu," nikasema, "isome karatasi ya ndani ya boksi lake."

Akaifungua, akasoma kimya, akaniangalia. "Nisome kwa sauti?"

"Soma."

"Nguruwe, mama."

Nikavuta dawa mpaka kwenye uzi. Nikasema Bismillahi, kwa sauti, nisikie mwenyewe. Nesi alikuwa ameinua gauni, na kabla sijamchoma aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wangu, kama anavyopima nesi mapigo, akasubiri. Mimi niliiona dawa ikichezacheza ndani ya kioo. Zainabu aliiona. Mtu yeyote mwenye macho angeiona.

"Hautetemeki hata kidogo," akasema Nesi. "Choma."

Huo ulikuwa uongo wake wa pili. Nikachoma.